SOMO: KUTOA TUKIWA NA KIDOGO
Kusoma: 2 Wakorinto 8:1-15, Matayo 6:1-4



Katika barua hii mtume Paulo anawaonyesha Wakorinto mfano wa makanisa ya Makedonia. Watu wale walikuwa maskini sana, tena katika mateso, na hata hivyo waliomba wenyewe kushiriki katika msaada wa watakatifu wa Yerusalemu. Tushike neno hilo: waliomba. Hapa Mpofi tunasikia mara nyingi mtu akisema: «Mimi mwenyewe ni wa kusaidiwa, nitoe nini?» Paulo hamsifu pale tajiri hata mmoja.

Kanisa letu lilizaliwa katika hali hiyo. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwezi wa 9 mwaka 1921, akakaa kifungoni miaka 30, mpaka kufa kwake kule Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, wengine mpaka kambi ya Lowa, pale mto Lowa unaotoka huku katika milima ya Masisi unapoingia katika Lualaba. Walifika bila shamba, bila jamaa, na lugha ni nyingine. Basi tulikuwa wakimbizi mbele ya kuwa na hekalu. Na hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, lilijengwa kwa mikono na feza za waamini, mawe yakibebwa kichwani.

Wengine wanatuuliza kuhusu nsinsani: mbona wababa, wamama na vijana wanashindana kutoa kwa nyimbo, na hesabu inatangazwa, wakati Yesu katika Matayo 6 anakataza kupiga tarumbeta? (Na sisi tarumbeta tunapiga kweli!) Jibu ni hili. Katika nsinsani ni kundi linalotajwa, na feza ni ya kazi ya wote: hekalu, masomo, matibabu. Aliye na franka kidogo anaingia katika mstari mmoja na aliye na nyingi. Lakini msaada kwa mtu mwenye shida ni kitu kingine. Huo hautangaziwi. Ukimpa mama mkimbizi kikombe cha chumvi, kisha ukasimulia sokoni, umemvua nguo mbele ya watu.

Na hapa tuseme wazi. Kuna anayecheza vizuri katika nsinsani, halafu nyumbani anamfukuza mgeni mlangoni. Mtu huyo ametoa upande mmoja tu. «Upendo, Amri, Kazi» tunayataja kila siku, na upendo ndio wa kwanza.

Tunajua uchungu uliopo. Tangu vita iliyoanza soko la Ntoto mwezi wa 3 mwaka 1993, jimbo letu halijapumzika. Katika mwezi wa 1 mwaka 2025 Masisi-kati ilichukuliwa, na katika mwezi wa 3 Walikale-kati, na watu walikimbia huku na huku. Wengine wanauliza: «Huyu ni wa kabila gani?» Mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17, alikuwa na unga wa mkono mmoja na mafuta kidogo, na aliyemwomba alikuwa mtu wa taifa lingine. Hakumwuliza kabila.

Lakini Paulo, katika mstari wa 13, hataki wengine wapumzike na ninyi mtaabike. Kwa hiyo hatusemi jamaa moja ibebe watu kumi peke yake mpaka watoto wake walale na njaa. Wajirani wagawane: mmoja alete muhogo, mwingine sombe, mwingine kuni. Na maharagi yaliyotobolewa na wadudu tusiyaite sadaka.

Mwenye shamba linalolala ampe mgeni sehemu apande maharagi. Miezi mitatu inatosha kuvuna. Wapatane mbele ya wazee siku ya kulirudisha, na vijana watoe salongo ya kulilima.