SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA TAA ZA ZAMANI KATIKA GARI LA ZAMANI



Wako watu wenye magari ya miaka ya 1950 na 1960 ambao hupenda kuyarudishia vifaa vya enzi zake: taa za ziada za mbele, redio, keria ya juu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sura ya gari la Safari lenye taa nyingi mbele bado inapendwa. Tangu mwaka 2003 yako hata mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Basi mwenye gari huleta taa zake karakanani na kusema, "Zifungwe leo." Gari ni lake, lakini moto ukiwaka anayeulizwa ni fundi.

Hapa kwetu Mella fundi mmoja kijana alipewa taa mbili azifunge katika Land Rover ya zamani. Akaomba fyuzi na relei. Akajibiwa kwamba anapoteza wakati. Akachukua umeme katika swichi ya taa kubwa, akapitisha waya katika tundu la bati lisilo na raba. Siku ya tatu ganda la waya lilichubuka, waya ukagusa bati, na nyaya zote za dashibodi zikaungua. Mwenye gereji akataka kumkata mshahara.

Ndugu, tujifunze kazi hii ifanywavyo.

1. Jua betri. Volkswagen nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1967 zilitumia volti 6, si 12. Tena magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, si hasi kama tulivyozoea. Redio ya transista ikifungwa kinyume huungua mara moja.

2. Fungua betri kwanza. Anza na waya ule uliofungwa kwenye bodi, uwe chanya au hasi. Ukianza na ule mwingine, spana ikagusa bodi, cheche zitaruka.

3. Piga hesabu. Gawa wati kwa volti, utapata ampea. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Kwa volti 12 ni ampea 9 na kidogo. Kwa volti 6 ni ampea 18 na zaidi. Swichi ndogo ya dashibodi haikutengenezwa kubeba mzigo huo.

4. Tumia relei na fyuzi. Swichi iamshe relei tu, nao umeme wa taa utoke kwenye betri kwa waya mnene. Fyuzi ikae karibu na betri. Kwa taa zile mbili za volti 12, fyuzi ya ampea 15 yatosha. Vifaa hivi vinaweza kufichwa, na sura ya zamani isiharibike.

5. Kila tundu la bati liwe na raba. Waya wa kwenda kwenye bodi ufungwe mahali palipokwanguliwa rangi na kutu.

6. Kumbuka dainamo. Nyingi za magari ya Kiingereza ya wakati ule zilitoa ampea kama 20. Taa kubwa mbili za wati 45 hula karibu 8. Ongeza 9 zako, inakuwa 17, na bado ignisheni na taa za nyuma. Gari likienda polepole dainamo hutoa chini ya hapo, na betri huisha. Mwambie mwenye gari jambo hili kabla hajaondoka.

Sasa turudi kwa yule kijana. Aliomba fyuzi mbele ya wenzake wawili. Wenzake hawakuogopa kusema hivyo, na mshahara wake haukukatwa. Sheria ya Kazi ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuamriwa ufanye kazi bila kifaa ulichokiomba si makusudi yako. Sheria ya Uganda ya 2006 nayo inaweka mipaka juu ya makato. Kwa hiyo andika katika daftari tarehe, kifaa ulichoomba na jibu ulilopewa, na mwenzako atie sahihi. Daftari hilo ni fyuzi ya mshahara wako.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Taa mbili za wati 100 kwa volti 12 hula ampea ngapi?
(b) Kwa nini fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa?
(c) Katika karakana yenu, ni kifaa gani mmekiomba na hamjakipata? Je, mmeandika?

Umoja ni nguvu.