Mafunzo Niliyopata Kliniki ya Presha

Presha ya kupanda ikishakuandikia kadi ya kliniki, jua mmeshakuwa wapangaji wa nyumba moja. Daktari utamwona kwa dakika chache, kisha utarudi nyumbani na ugonjwa wako hadi tarehe nyingine. Haya ndiyo niliyojifunza kwenye mabenchi ya kliniki hapa Dar es Salaam.

1. Jua dawa zako kwa majina

Mama mmoja aliulizwa anatumia dawa gani. "Kile kidonge cheupe, kidogo," akajibu. Daktari akacheka: "Mama, vyeupe viko vingi!" Tangu hapo huenda kliniki na pakiti zenyewe mkobani. Jina peke yake halitoshi, maana kuna amlodipine ya miligramu 5 na ya miligramu 10.

2. Pima ukiwa umetulia

Ukishuka kwenye daladala unahema, ukapimwa hapo hapo, namba zitapanda bure. Kaa kimya dakika 5, uegemee kiti, miguu ikanyage chini bila kukunja nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziache nusu saa kabla. Nyumbani, andika namba zote mbili pamoja na tarehe na saa. Presha hutambuliwa kwa vipimo vya 140/90 na zaidi vinavyojirudia siku tofauti, kwa hiyo kipimo kimoja kisikutie kiwewe wala kukupa kiburi.

3. Usimfiche daktari kitu

Mtaje mganga wa mitishamba, itaje bia, na usisahau diclofenac uliyonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Dawa za maumivu za jamii hiyo huweza kupandisha presha na kuumiza figo. Daktari asiyeambiwa ataongeza dozi, kumbe mchawi yumo mfukoni mwako.

4. Dawa ikikusumbua, rudi nayo kliniki

Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Amlodipine huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Wengi huziacha kimyakimya. Ukisema, daktari anaweza kukubadilishia. Wenye kikohozi cha enalapril, kwa mfano, mara nyingi hupewa losartan. Kujisikia mzima nako si ruhusa ya kuacha. Presha huweza kukaa miaka bila dalili yoyote, ikaja kujitangaza kwa kiharusi.

5. Usitoke hujaelewa

Mimi husema, "Daktari, naomba nirudie ulivyonielekeza." Papo hapo nikikosea husahihishwa. Kwenye dirisha la dawa nako nauliza: 1x2 kwenye bahasha ni kidonge kimoja kila baada ya saa 12, si viwili kwa mkupuo.

6. Chumvi ni kazi ya jikoni kwako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai. Humo hesabu ng'onda, kiungo cha supu cha vipande na ile unayonyunyiza kwenye chipsi. Daktari ataandika "punguza chumvi" kwa sekunde mbili, ila hatakuja kuonja mchuzi wako. Kama kuna anayekupikia, siku moja mwende naye kliniki aambiwe mwenyewe. Ukimwambia wewe, atadhani umeanza kudeka.