Kulala Hell's Gate: Anza na Maji

Watu wengi huingia Hell's Gate asubuhi kwa baiskeli, wakapiga picha chini ya mnara wa Fischer, na jioni wako Naivasha wanakula samaki. Wanaobaki usiku ni wachache, na naona hao ndio wanaoipata mbuga yenyewe. Baiskeli zikishatoka, pundamilia na kongoni husogea barabarani, na majabali yaliyokuwa mekundu mchana hubaki vivuli vitupu.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Ukishuka mjini, panda matatu za Kongoni, zile zinazopita kusini mwa Ziwa Naivasha, ushukie njia panda ya Lango la Elsa. Baiskeli za kukodi utazikuta hapo. Jaribu breki kabla hujatoa hela. Ada za kuingia na za kambi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo maliza malipo mapema, simu ikiwa na chaji na mtandao.

Sasa maji. Kambi za Ol Dubai na Naiburta ziko juu, kwenye ukingo wa magenge, na mandhari yake yanatosha kumfanya mtu asahau kwamba jua la Naivasha halina huruma. Bomba ukilikuta, lichukulie kama bahati, usilipangie safari. Mimi huhesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu; kuoga kutangoja. Beba pia blanketi zito, maana hapa ni zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri hupenya hema.

Pikia jiko la gesi; kuni za mbugani si za kuokota. Chakula kifungie ndani ya gari au kwenye sanduku lenye kufuli. Nyani wa huku wamesoma: mmoja alinifungulia zipu ya begi taratibu kama mwenye mali, akaondoka na mkate mzima, akaniachia sukari. Huyo ni wa kuchekesha. Nyati hachekeshi. Chui na fisi wapo pia, lakini nyati dume aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopwa zaidi na mwenye baiskeli. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, ngoja aondoke, usimpigie kengele. Usiku usitoke hemani kabla ya kumulika tochi pande zote.

Kisha kuna maji ya pili, yale yasiyobebwa. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji ya ziwa la kale, Naivasha ilipokuwa kubwa kuliko sasa na kumwagikia kusini. Kuta zake ni laini na zimekaribiana; mahali pengine maji ya moto hutiririka kutoka kwenye mwamba, kwa joto lile lile la ardhini linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria jirani. Ni pazuri, na pameua. Aprili 2012 mafuriko yalichukua vijana 7 waliokuja matembezi na kanisa. Septemba 2019 yakaua watu 7 tena, na Septemba si mwezi wa masika wala wa vuli. Mvua hunyesha kwenye vilima usivyoviona, wewe uko chini kwenye mchanga mkavu, anga juu yako ni samawati, na maji yanakuja.

Kwa hiyo uliza langoni kama korongo limefunguliwa, na likiwa limefungwa usitafute kijana wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Likiwa wazi, shuka na kiongozi, asubuhi, na umwombe akuonyeshe sehemu za kupandia kabla hamjafika mbali. Akisema tokeni, acha hata begi. Mawingu yakianza kukusanyika upande wowote, baki juu: mbuga ina kilomita za mraba 68, na pimbi na mbuzimawe kwenye majabali wanatosha kukushughulisha siku nzima.

Njia panda kuna vioski vya maji ya chupa. Hesabu madumu yako hapo, kabla hujaanza kupanda kuelekea langoni.