Somo la Afya: Mwanga wa Kutibu Magamba ya Ngozi kwa Wazee

Mzee wenu ana mabaka yenye magamba meupe viwikoni, magotini au kichwani? Huenda ni soriasisi. Kwa ngozi nyeusi mabaka mara nyingi huonekana ya zambarau au kijivu. Haiambukizi, hata mkila sahani moja, wala si laana.

Hospitali kubwa kadhaa huitibu kwa mwanga. Mgonjwa husimama ndani ya kabati la taa maalum, macho yamekingwa kwa miwani, mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki nyingi. Kwa wazee njia hii ni nzuri kwa sababu haichoshi ini wala figo kama vidonge vingine vya ugonjwa huu.

Lakini angalieni dawa! Vidonge vya presha vya kukojoza, kama haidroklorothiazaidi, vyaweza kufanya ngozi iungue upesi. Beba dawa zote umwonyeshe daktari; usiache za presha mwenyewe. Na msimwanike shosho juani kutwa: palipoungua huota mabaka mapya.

Kinachowashinda wengi ni nauli, na kusimama. Kikundi kichange, kipange zamu ya kumsindikiza. Kwanza ulizeni hospitalini kama taa ipo, na bei yake.