Dondoo muhimu: Uzee wa kweli kwenye sarafu ya Katanga

Umeletewa faranga 1 au 5 ya Katanga ya 1961, yenye ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili? Chukua lenzi. Sarafu iliyopita mikononi hufifia palipoinuka na kukolea weusi kati ya herufi. Rangi ya kughushi, iliyotiwa kwa moto au dawa, hutanda sawasawa, hata ndani ya mkwaruzo mpya.

Misalaba yenyewe ya kale ya shaba, ya umbo lile lililo kwenye sarafu, ikiwa imetoka udongoni huwa na gamba gumu la kijani, kama malakiti. Mtu wa migodini Kolwezi hahitaji kufundishwa jiwe hilo. Ukijani wa unga, unaobanduka kwa kijiti, ni wa juzi, au ni kutu inayoila shaba. Kwa vyovyote, punguza bei.

Kusafisha kwa ndimu na majivu? Usithubutu.