Motokaa Kuukuu Ikikataa Kuwaka

Mwenye motokaa ya zamani katika milima ya Uluguru ana haja ya kujua mambo mawili: kuiendesha, na kuitafutia ugonjwa wake siku inapokataa kuwaka. Jambo la kwanza wengi wanalijua. Somo hili ni la jambo la pili.

Tuchukue mfano. Ni alfajiri huko Nyandira, katika Mgeta. Land Rover kuukuu ya petroli imepakiwa kabichi na karoti. Yapasa kushuka Langali hata Sangasanga, na kutoka hapo kwenda soko la Morogoro kabla jua halijawa kali. Dereva anageuza ufunguo. Injini inatoa mlio mmoja, "ka", kisha kimya. Mtu mmoja anasema betri imekufa. Wa pili anasema stata imeungua. Wa tatu anasema gari lisukumwe literemke mlimani, litawaka lenyewe. Wote watatu wanasema kwa kudhani. Shauri la kwanza litamgharimu mwenye gari bei ya betri mpya, la pili bei ya stata, na la tatu laweza kumgharimu roho yake. Na huenda kasoro yote ni ukoko mweupe, mwembamba kama karatasi, uliojificha baina ya kichwa cha betri na kibanio chake.

Basi kanuni ya somo hili ni moja: usibadili kitu chochote mpaka umekipima, na upime kwa utaratibu, kuanzia kwenye betri.

NJIA ZA UMEME

Zamani motokaa ziliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na watu wengi walivunjika mikono kwa kazi hiyo. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza motokaa zenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo betri ina kazi mbili, na umeme una njia mbili.

Njia ya kwanza ni pana kama barabara kuu: kutoka betri, kwa waya mnene, kupita swichi ya stata, hata stata yenyewe. Njia ya pili ni nyembamba kama kijia cha shambani: kutoka betri kupita ufunguo, kuingia katika koili, kisha kwenye pointi, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana ndani ya distribyuta. Kila zinapofunguka, koili hutoa umeme wenye nguvu nyingi, maelfu ya volti, nao huruka kama cheche katika plagi na kuwasha petroli.

Lakini umeme ni kama mto unaorudi kwenye chemchemi yake. Usipopata njia ya kurudi, hauendi kabisa. Njia ya kurudi ni bodi na injini yenyewe, pamoja na waya mmoja mnene unaounganisha betri na bodi. Watu wengi huusahau waya huu, na makosa mengi ya motokaa kuukuu hukaa hapo, kwa sababu ya kutu, rangi na matope.

Angalia pia jambo hili. Motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ya 1940 na 1950, na Land Rover za kwanza zilizotokea mwaka 1948 zimo humo, ziliunganishwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Za siku hizi huunganishwa upande wa hasi. Kabla ya kufunga betri mpya, soma kitabu cha gari au tazama alama zake. Aliyeigeuza betri bila kujua aweza kuharibu vyombo vingi kwa dakika moja.

CHOMBO CHA KUPIMIA

Huhitaji chombo cha thamani kubwa. Chukua balbu ndogo ya volti 12 ndani ya kishikio chake, uifunge nyaya mbili zenye vibanio. Balbu hiyo ni shahidi asiyesema uongo: palipo na umeme itawaka, pasipo na umeme haitawaka. Ikiwa gari lako ni la volti 6, tumia balbu ya volti 6. Aliye na mita ya volti atajua zaidi, lakini balbu yatosha kwa kazi nyingi.

Sasa jiulize: je, injini inazunguka? Ikiwa haizunguki, kasoro iko katika njia pana. Ikiwa inazunguka vizuri lakini haiwaki, tafuta katika njia nyembamba au katika petroli. Usichanganye maswali haya mawili.

INJINI ISIPOZUNGUKA

Hakikisha gari liko huru, si katika gea, na breki ya mkono imekazwa. Washa taa kubwa za mbele, kisha umwambie mwenzako ajaribu stata, nawe uzitazame.

Kama taa zinafifia sana au kuzimika, ama betri ni dhaifu, ama mahali fulani katika njia pana pameshikana vibaya. Kama taa zinabaki na nuru ile ile na stata iko kimya, umeme haufiki katika stata: angalia swichi yake na waya zake. Kama taa zinafifia na unasikia mgongano mzito mara moja, huenda jino la stata limekwama katika gurudumu la injini. Zima ufunguo, tia gea ya juu, achilia breki ya mkono, ulisukume gari mbele na nyuma kidogo. Mara nyingi jino litajitoa. Fanya hivyo mahali tambarare tu.

Betri nzuri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.0 au chini yake, inahitaji kutiwa umeme. Stata inapozunguka, isishuke chini ya volti 9.5 au hivi.

Ikiwa betri ni nzima, safisha njia. Fungua kwanza waya wa bodi, kisha ule mwingine. Wakati wa kurudisha, waya wa bodi uwe wa mwisho. Osha vichwa vya betri kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, lakini maji hayo yasiingie ndani ya betri. Piga msasa vichwa na vibanio hata ving'ae, vikaze, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Fuata waya wa bodi hata mwisho wake, uufungue, ukwangue kutu na rangi, na kuukaza tena. Bado una shaka? Chukua waya mwingine mnene, uunge kutoka kichwa cha betri cha upande wa bodi hata chuma cha injini. Injini ikizunguka sasa, umempata mwizi: ni waya wa bodi.

Usivute sigara wala usiwashe kibiriti karibu na betri, maana hutoa hewa inayolipuka. Maji yake ni tindikali. Yakikurukia machoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, kisha uende kwa mganga.

INJINI IKIZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke plagi ya akiba, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, na mwenzako azungushe stata. Usiishike plagi wala waya kwa mkono mtupu. Cheche nzuri ni ya samawati na hutoa mlio. Ikiwa cheche ni nzuri, tafuta kasoro katika petroli: je, tangi lina kitu? Je, petroli inafika katika kabureta? Ikiwa cheche hakuna, endelea na umeme.

Kwanza tafuta unyevu. Upande wa mashariki wa Uluguru, kule Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, kwa kuwa hukabili pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Asubuhi ya ukungu, umande huingia ndani ya kifuniko cha distribyuta na umeme hupotea njiani. Kifungue, ukifute kwa kitambaa kikavu, pamoja na waya za plagi. Tazama kama kina ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi. Kikiwa nao, hakifai tena.

Kisha tumia balbu. Washa ufunguo. Funga waya mmoja wa balbu kwenye bodi, na wa pili uguse mahali umeme unapoingia katika koili. Isipowaka, kasoro iko kabla ya koili: ufunguo, fyuzi ikiwapo, au waya. Ikiwaka, hamisha waya huo upande wa koili unaokwenda kwenye pointi, na mwenzako azungushe injini polepole. Balbu inapaswa kuwaka pointi zikifunguka na kuzimika zikifungana. Ikiwaka daima, pointi hazishikani: ni chafu, au zimeachana mno. Isipowaka hata mara moja, ama koili imekatika ndani, ama waya au kondensa imegusa bodi isipopaswa.

Pointi chafu zipigwe msasa laini, zifutwe, kisha nafasi yake ipimwe kwa bamba la kupimia. Katika distribyuta nyingi za Lucas za magari ya Kiingereza nafasi hiyo ni milimita 0.35 hata 0.40, lakini kitabu cha gari lako ndicho hakimu.

IKIWAKA LEO NA KUKATAA KESHO

Ikiwa kila asubuhi betri ni tupu, kununua nyingine ni kumwaga maji katika gunia. Ama dainamo haiijazi, ama kuna kitu kinachoinyonya usiku.

Ili kujua dainamo, tazama kwanza mkanda wake, ukilegea huteleza. Injini ikienda kwa kasi ya kadiri, mita juu ya betri ipande kupita volti 13, karibu 14. Ikipita 15, betri itachemka na kukauka maji. Ili kumjua mnyonyaji, zima kila kitu, funga milango, fungua waya mmoja wa betri, uweke balbu baina ya kichwa cha betri na waya huo. Ikiwaka, umeme unatoroka. Toa fyuzi moja moja; ile itakayoizima balbu ndiyo njia ya mwizi. Ikiwa hakuna fyuzi inayoizima, angalia katauti ya dainamo. Pengine imeshikana na haiachi.

KUSUKUMA NA KUZUNGUSHA

Kusukuma gari kunafaa mahali tambarare tu. Katika barabara za milimani, zenye kona na makorongo, gari lenye mzigo likiteremka, breki kuukuu pengine hazitoshi. Tena, betri ikiwa tupu kabisa, koili haitapata umeme, na gari litashuka mpaka chini bila kuwaka. Anayetumia hendeli aivute kwa kuipandisha juu, wala asiisukume chini, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi kwa nguvu isimvunje mkono.

Turudi Nyandira. Dereva wetu hakumsikiliza hata mmoja wa wale watatu. Aliwasha taa, akaona zinafifia. Akapima betri: volti 12.5. Akafungua kibanio, akauona ukoko mweupe, akaukwangua, akakikaza. Injini ikazunguka, ikawaka. Kazi yote ilimchukua robo saa, spana moja na kipande cha msasa.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliye na motokaa kuukuu asafishe vichwa vya betri na waya wa bodi kila mwanzo wa masika, wala asingoje siku ambayo nyuma ya gari hakuna kabichi, bali mgonjwa wa kupelekwa hospitali.