Hakuna Kioo, Kuna Kivuli: Jinsi Milipuko ya Gama Inavyonaswa

Muhula uliopita tuliulizwa kwenye mtihani: darubini ya Swift hujuaje mlipuko wa gama umetokea upande gani? Nikaandika, tena kwa kujiamini, "kwa kioo." Sifuri. Wenzangu wengi nao walikwama hapohapo, kwa hiyo tulirudie somo pamoja.

Fotoni ya gama ina nishati kubwa mno. Kioo cha kawaida hakiwezi kuirudisha, inakipenya tu. Tena angahewa huizuia isifike chini, ndiyo maana vipokezi hupelekwa juu kwa setilaiti. Za kwanza kunasa milipuko hii, mwaka 1967, zilikuwa setilaiti za Vela za Marekani, zilizotumwa kuvizia majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Sasa bila kioo tunafanyaje? Jaribu hosteli usiku. Toboa karatasi matundu ovyoovyo, ishikilie juu ya daftari, kisha mulika kwa tochi ya simu. Sogeza simu kushoto: madoa ya mwanga yanahamia kulia. Ukiangalia madoa peke yake, unajua tochi iko wapi.

Swift, iliyorushwa Novemba 2004, inafanya hivyohivyo. Karatasi yake ni vipande zaidi ya 50,000 vya madini ya risasi. Daftari lake ni vipokezi 32,768. Kompyuta inalinganisha kivuli na mpangilio wa vipande, inapata mwelekeo, kisha chombo kinajigeuza chenyewe ndani ya dakika moja au mbili, kielekeze darubini zake za eksirei na urujuanimno kwenye masalia ya mwanga kabla hayajafifia.

Muda nao una kipimo chake, T90. Hesabu fotoni zote za mlipuko, acha asilimia 5 za mwanzo na 5 za mwisho. Muda uliobaki katikati ndio jibu. Chini ya sekunde 2, mlipuko ni mfupi, na mara nyingi ni nyota za nyutroni zimegongana. Zaidi ya hapo, kwa kawaida ni nyota kubwa imeporomoka.

Kinachoniuma ni hiki: data za Swift zimekuwa zikishushwa kupitia kituo cha Malindi, hapo Kenya. Vivuli vinatua pwani yetu wenyewe, mimi naandika "kioo"! Mtihani wa marudio ukija, ndugu zangu, anzeni na karatasi yenye matundu.